Acha Gurudumu Lifuate Njia: Kuhuisha Maumbo kwa Nodi

Kwa yeyote anayeanza kuhuisha maumbo, yaani kuyafanya yasogee, katika programu ya nodi (visanduku vinavyounganishwa kwa waya, kila kimoja na kazi yake), nina ushauri ambao ulinigharimu usiku mzima kuupata. Kabla hujaweka alama hata moja ya mwendo (keyframe, inayosema kitu kiwe wapi katika fremu fulani), jiulize ni kitu gani katika mchoro wako kinachosogea chenyewe, na ni vitu gani vinavyosogea kwa sababu hicho cha kwanza kimesogea. Cha kwanza kipe alama; vingine vipe fomula.

Ninafanyia kazi hapa Goma, kwa kompyuta ya mkononi isiyo na kadi kubwa ya picha, nikitumia Fusion, sehemu ya kuhuisha iliyomo ndani ya DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video. Hata toleo la bure linayo, na tangu toleo la 17 ina nodi za maumbo ambazo zinatosha kabisa kwa tangazo fupi: mstatili, duara, nyota, na nyingine za kuyaunganisha, kuyasogeza na kuyazidisha.

Mama mmoja anayeuza viazi na maharage aliniomba tangazo la sekunde 6 la kutuma kwa wateja wake kwa WhatsApp, likionyesha chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ikishuka kutoka Kibumba, kule mlimani, na magunia yake hadi mbele ya duka. Nilichora magurudumu, ubao, usukani, magunia na mwendeshaji, kisha nikakiwekea kila kimoja alama zake, fremu baada ya fremu, hadi zikapita 80. Mama akalitazama, akalisifu, halafu akasema, "Mwanangu, watu hawana subira siku hizi. Lipunguze liwe la sekunde 4." Nilihangaika kusogeza alama zile mpaka usiku, na nilipodhani nimemaliza, mdogo wangu akachungulia skrini na kuuliza, "Yaya, mbona magurudumu yanateleza kama yako kwenye matope?" Alikuwa na haki. Chukudu ilikwenda kwa kasi moja na magurudumu yakazunguka kwa kasi nyingine.

Nilifuta kila kitu na kuanza upya, safari hii nikitafuta kwanza uhusiano wa vitu. Gurudumu likizunguka mara moja, chukudu husogea umbali ulio sawa na mzingo wa gurudumu, yaani kipenyo mara 3.1416. Fusion hupima umbali kwa upana wa picha, ambao huhesabiwa kuwa 1. Gurudumu langu lilikuwa na kipenyo cha 0.1, kwa hiyo mzingo wake ni 0.314, na chukudu ikivuka skrini nzima gurudumu linapaswa kuzunguka mara 3 na kidogo, au nyuzi 1146 hivi. Basi katika kisanduku cha mzunguko wa gurudumu niliandika fomula inayosoma namba ya mahali chukudu ilipo kwenye mlalo na kuizidisha kwa 1146 hasi. Alama ya hasi ni ya lazima kwa sababu katika Fusion nyuzi chanya huzungusha kinyume cha saa, ilhali gurudumu linalokwenda kulia huzunguka kwa mwelekeo wa saa. Alama za mwendo zikabaki mbili tu, pale chukudu inapoanzia na pale inaposimamia. Nilipoukunja mstari wa mwendo katika kihariri cha mikunjo (Spline) ili chukudu ianze taratibu, kama inavyoanza yenye kilo nyingi mgongoni, magurudumu nayo yakaanza taratibu bila mimi kuyagusa.

Jambo moja dogo linaweza kukupotezea saa nzima: duara tupu likizunguka halionekani kuzunguka. Gurudumu la chukudu ni la mbao na halina spoki, kwa hiyo niliongeza mstatili mwembamba kama ufa wa ubao, na hapo ndipo jicho lilipoanza kuamini.

Mpangilio wa nodi ndio unaowasumbua wengi, hasa waliozoea programu za tabaka, ambazo hupanga picha moja juu ya nyingine. Nodi hufanya kazi kwa kufuatana, na zinajali nani ametangulia. Mwanzoni nililisogeza gurudumu hadi mahali pa ekseli yake, halafu ndipo nikalizungusha kwa nodi iliyofuata, na gurudumu likaruka nje ya chukudu likawa linazunguka katikati ya skrini kama nondo kwenye taa. Zungusha kwanza, umbo likiwa bado katikati, kisha lisogeze. Vilevile, usichore gurudumu la pili. Toa waya mbili kutoka kwa gurudumu lilelile, kila moja iende kwenye nodi yake ya kusogeza, mbele na nyuma. Ukibadilisha rangi ya mbao mara moja, yote mawili yanabadilika. Baada ya hapo unganisha kila kitu kwa sMerge (nodi ya kuunganisha maumbo), pitisha kwenye sTransform (ya kusogeza na kuzungusha) moja inayobeba zile alama mbili, na sRender, inayogeuza maumbo kuwa picha, iwe moja tu, mwishoni. Kabla ya sRender umbo ni hesabu tu, halina pikseli, na ndiyo sababu kompyuta dhaifu huweza kulibeba.

Zipe nodi majina kabla ya kuandika fomula, kwa kubonyeza F2, kwa kuwa fomula huitaja nodi kwa jina lake. Mimi hutumia Kiswahili: Gurudumu, Mzigo, Safari. Nikirudi baada ya umeme kukatika siku mbili, ninaelewa mara moja nilikuwa nafikiri nini.

Kwa magunia nilitumia ujanja mwingine. Fomula inaweza kuuliza thamani ya nodi nyingine kama ilivyokuwa zamani kidogo, kwa amri ya GetValue na muda uliopunguzwa. Nilichukua nafasi ya chukudu ya sasa, nikaondoa ile ya fremu 3 zilizopita, nikazidisha tofauti hiyo na kuifanya mwinamo wa magunia. Chukudu ikiwa mbioni, magunia hulala nyuma kidogo; ikisimama, hurudi wima. Mwalimu wa fizikia angenikosoa, ila kwenye simu inapendeza.

Wiki iliyofuata mama alitaka tangazo la pili, chukudu tupu ikirudi Kibumba. Nilichomoa waya wa magunia, na baada ya sRender nikaweka nodi ya kawaida ya Transform na kuchagua igeuze picha kushoto na kulia. Mwendo, magurudumu na mkunjo wa mwanzo vyote viligeuka pamoja, na kazi ilinichukua dakika chache. Nilimpelekea nikiwa na furaha. Aliitazama mara mbili, akanirudishia simu. "Mwanangu, ni nani amekwambia mtu hupanda mlima akiwa juu ya chukudu? Kupandisha, anaisukuma." Mwendeshaji ilibidi nimchore upya, kwa mkono.