Muulize Mwenye Duka: Eti sisi ni madalali?

*Shikamoo Mwenye Duka. Mimi ni mwanafunzi wa uchoraji. Mjomba wangu anasema mwenye duka la vitabu vya katuni ni dalali tu: mchoraji kachora, mchapishaji kachapa, yeye anapanga kwenye rafu na kuchukua chake. Nimebishana naye lakini niliishiwa hoja. Je, kuna mwenye duka aliyewahi kubadili chochote katika sanaa hii?*
*— Mwanafunzi*

Marahaba, mwanangu. Mpe mjomba salamu zangu, kisha umuulize: dalali huweka mtaji wake wapi? Dalali husimama kati ya mwenye mali na mnunuzi. Biashara ikikubali anapata chake, ikikataa anakwenda zake. Mimi nafungwa na mali kabla sijaiona.

Kwa miaka 23 nimekuwa na jioni moja kila mwezi ambayo huniumiza kichwa: jioni ya kufunga oda. Orodha inakuja na vitabu vitakavyotoka baada ya miezi miwili hivi. Naona picha ya jalada, mistari mitatu ya maelezo, na jina la mchoraji. Kurasa za ndani pengine bado ziko mezani kwake. Naandika: hiki nakala 30, hiki 5, hiki 1, hiki niache. Zikifika ni zangu. Zikidoda, zimedoda kwangu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kule Marekani, utaratibu huu ulikozaliwa, katuni ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti na kwenye maduka ya dawa, tena kwa mali kauli. Mwenye kibanda anapokea, anauza, kilichobaki anarudisha. Mara nyingi hata kitabu chenyewe hakikurudi; alichana jalada, au kipande chake cha juu chenye jina, akakipeleka kama ushahidi kwamba hakikuuzika. Kwake ilikuwa karatasi kama karatasi nyingine. Msomaji aliyekuwa akifuatilia hadithi angeweza kuikosa sehemu ya tatu kwa sababu tu wiki ile kibanda hakikuletewa, na hapakuwa na wa kumuuliza.

Wapo waliokataa hali hiyo. Mwaka 1968 Gary Arlington alifungua duka la katuni tupu mjini San Francisco, mojawapo ya maduka ya kwanza kabisa ya aina hiyo nchini mwake. Kilikuwa chumba kidogo, lakini wachoraji wa katuni za chini kwa chini, zile ambazo hakuna kibanda kingezigusa, walikutana humo, na baadhi ya kazi zao akazichapisha yeye mwenyewe. Halafu akaja Phil Seuling, mwalimu wa Kiingereza huko Brooklyn aliyekuwa akiandaa mikutano ya wapenzi wa katuni New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwaendea wachapishaji wakubwa na pendekezo: maduka yapewe punguzo kubwa zaidi, yaletewe kile hasa yalichoagiza, na yenyewe hayatarudisha hata nakala moja.

Mtu wa hesabu atasema huo ni wazimu, umejitwisha hasara yote mwenyewe. Mimi nasema hapo ndipo mwenye duka alipopata sauti. Mchapishaji akishajua kwamba nakala fulani zimekwisha kuagizwa na hazitarudi, anaweza kuchapa kidogo na bado akapona. Kijana asiye na jina anaweza kuchapa. Mwaka 1984 Kevin Eastman na Peter Laird walichapa wenyewe nakala 3,000 hivi za hadithi ya kasa wanne wapiganaji, Teenage Mutant Ninja Turtles, ndani wino mweusi mtupu, bila rangi. Vibanda visingewatazama. Maduka yaliwachukua. Dunia nzima leo inawajua kasa wale, na mlango wao wa kwanza ulikuwa wenye maduka walioandika namba kwenye karatasi ya oda bila kumuuliza mtu.

Na kama mjomba bado anabisha, mwambie habari za Mike Richardson. Alianza na duka moja mjini Bend, Oregon, mwaka 1980, akaongeza mengine. Mwaka 1986 akatumia mapato ya maduka hayo kuanzisha kampuni ya uchapishaji ya Dark Horse. Miaka yote ya kusimama nyuma ya kaunta ilikuwa imemfundisha nini wasomaji wanakitafuta na hawakipati.

Mimi sikufika huko. La kwangu ni dogo na nalisema kwa sababu umeuliza. Kulikuwa na mtoto aliyekuwa akija baada ya masomo, anasimama kwenye rafu ya kushoto, anasoma kitabu kizima, anakirudisha palepale kikiwa kimenyooka. Miaka miwili hakununua kitu. Mwaka wa tatu akaja na bahasha. Ndani mlikuwa na vijitabu 20 alivyochora, akatoa fotokopi na kubana pini mwenyewe. Nikavichukua mali kauli, nikaviweka kando ya droo ya fedha, mahali ambapo kila anayelipa lazima avione. Viliisha siku 11. Leo jina lake liko kwenye orodha ninayofungia oda, na kila nikifika kwenye mstari wake naandika namba kubwa kuliko akili ya biashara inavyonishauri.

*Mwenye Duka, nina akiba, nina vitabu 3,000 vya katuni nilivyokusanya tangu utotoni, na mahali pa kupanga nimeshapaona. Naomba uniambie ukweli: nifungue?*
*— Mwenye akiba*

Sikujui, kwa hiyo siwezi kukuambia ufungue au uache. Naweza kukuambia kinachoua maduka haya, maana nimewazika wenzangu wengi katika biashara.

Kinachoua si wezi wala kodi ya pango. Ni toleo namba 1, na kila toleo linalonunuliwa lifungiwe kabatini lipande bei. Mwaka 1991 ilitoka namba 1 ya hadithi mpya ya mashujaa wa X-Men, kwa majalada matano tofauti, ikauzwa zaidi ya nakala milioni 8. Mwaka uliofuata likatoka toleo la kifo cha Superman, limefungwa kwenye mfuko mweusi, watu wakapanga foleni. Wengi walinunua nakala tano tano wazifungie kabatini zije kuwasomeshea watoto. Wenye maduka wakaona foleni wakadhani ni wasomaji, wakaagiza makasha. Ndani ya miaka michache maelfu ya maduka yakafungwa, na wengi walifunga wakiwa bado wamekalia makasha hayohayo. Superman wa kwanza wa 1938 ni ghali kwa sababu watoto walimsoma wakamkunja, mama zao wakamtupa, na wakati wa vita karatasi zikakusanywa kuchakatwa upya. Waliobaki ni wachache. Toleo lililofungiwa kabatini na mamilioni ya watu haliwezi kufika huko.

Nami niliumia. Niliwahi kuagiza nakala 40 za toleo moja kwa sababu jalada lilimeremeta. Nikauza 6. Zile 34 ziko chini ya ngazi hadi leo, nimekataa kuzitupa ili nizione kila nikienda kuchukua ufagio.

Kinachoponya ni daftari. Wateja wangu wana neno moja: "Niwekee." Mtu anasema, niwekee hadithi hii kila ikitoka, naandika jina lake, na nikifunga oda naanza na daftari kabla sijaangalia orodha. Katika nakala 10 ninazoagiza, nataka 7 ziwe zina wenyewe tayari. Hizo 3 ndizo za kumtafutia msomaji mpya, na hapo ndipo ufundi wako wote unapofanya kazi: kujua kwamba yule dada anayesoma hadithi za kutisha alipenda wino kuliko damu, hivyo umpe kitu kingine kabisa chenye wino wa namna hiyo. Ukimuuzia mtu kitabu kibaya mara mbili, mara ya tatu haji, wala hakuambii kwa nini.

Jingine: usimtegemee msambazaji mmoja. Kwa zaidi ya miaka 20 karibu maduka yote ya Marekani, na mengi ya nje, yaliletewa mali na kampuni moja, Diamond. Mwaka 2020 mchapishaji mkubwa, DC, akaihama. Mwezi Januari 2025 Diamond yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Mwenye duka aliyekuwa na namba moja tu ya simu ya kuagizia alijuta.

Kuhusu vitabu vyako 3,000: kabla hujaweka kimoja rafuni, chukua kile unachokipenda zaidi, mpe mgeni aondoke nacho. Ukilala usingizi usiku huo, endelea na mipango.

*Mwenye Duka, kuna watu wanasoma dukani kwetu bila kununua. Bosi anataka tuwafukuze. Wewe ungefanyaje?*
*— Muuzaji mpya*

Soma tena barua ya kwanza, pale kwenye rafu ya kushoto. Kisha mwambie bosi wako habari za Joe Field, mwenye duka huko California. Aliona foleni ndefu nje ya duka la aiskrimu lililokuwa jirani, siku waliyokuwa wakigawa bure, akajiuliza kwa nini sisi tusifanye hivyo. Akalipeleka wazo kwa wenzake mwaka 2001, na tarehe 4 Mei 2002 ikawa siku ya kwanza ya kugawa vitabu vya katuni bure. Nakala hizo maduka huzilipia. Huzilipia kwa hiari, kila mwaka, ili watu waingie wasome.

*Shikamoo. Baba yetu amefariki na ameacha makasha sita ya katuni za zamani. Mwenye duka mmoja alikuja, akaangalia dakika kumi, akataja bei ya vyote kwa pamoja na kutaka jibu kesho. Nifanye nini?*
*— Binti wa marehemu*

Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Jibu la kesho ni hapana. Hakuna katuni inayoharibika kwa kukaa wiki tatu zaidi.

Usizisafishe, usizibandike gundi, usiondoe pini hata kama zina kutu. Karatasi ya magazeti ina asidi yake, hugeuka njano na kukatika, kwa hiyo ziondoe juani na kwenye unyevu, uziache zimesimama wima. Halafu kaa na daftari uandike: jina, namba, mwaka, hali ya jalada. Orodha hiyo wapelekee wanunuzi watatu. Anayekubali kukutajia bei ya vile vizuri kimoja kimoja, huyo ongea naye. Anayeng'ang'ania "vyote kwa pamoja" ana kitabu kimoja alichokiona na hataki wewe ukione.

Najua, kwa kuwa niliwahi kuwa huyo. Mwaka wangu wa nne dukani bibi mmoja aliniletea kasha la marehemu mumewe. Nilikiona kitabu kile cha tatu kutoka juu, nikafunga kasha, nikamtajia bei ya jumla kwa sauti ya kawaida. Alinishukuru. Nilikiuza kitabu kile kimoja kwa zaidi ya nilichomlipa kwa kasha zima. Ilinichukua miezi mitano kumtafuta, nikampelekea nusu ya fedha, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, akahesabu, kisha akaniuliza kama mumewe alikuwa amekisoma kitabu kile au alikihifadhi tu. Nilimwambia kona za kurasa zilikuwa zimelegea, alikisoma sana.

Kwa hiyo, binti yangu, unapoandika orodha yako, usiende mbio. Fungua kila kimoja. Ukikuta mwandiko wa baba, jina lake au tarehe aliyonunua, kiweke pembeni, wala usikiandike kwenye orodha ya kuuza kabla ndugu zako wote hawajakiona.