Kabla hujanunua hifadhi ya pamoja kwa ajili ya seva zako mbili

Ofisi ndogo ikiamua kuhamia kwenye mashine pepe (kompyuta za programu tu, kadhaa ndani ya seva moja), ushauri inaopewa karibu kila mahali ni mmoja: nunua seva mbili, ongeza NAS moja (boksi la diski linalofikiwa kwa mtandao, ndiyo hifadhi ya pamoja yenyewe), diski za mashine pepe zote zikae kwenye hiyo NAS, ili seva moja ikifa nyingine ishike kazi. Kwenye profoma linaonekana jambo la maana, na kwenye mchoro linapendeza zaidi. Mifumo ya namna hiyo nimeifunga na mingine naihudumia mpaka leo. Lakini siku hizi mteja akiniletea mchoro huo, swali langu la kwanza ni: hiyo NAS ikizima, nani atakuwa anafanya kazi?

Hakuna. Ikizima NAS, imezima seva ya domeni (inayosimamia akaunti za wafanyakazi wote), umezima uhasibu, yamezima mafaili, na kama simu za mezani nazo zinapita kwenye mashine pepe basi hata kupiga simu kuomba msaada utatumia ya mkononi. Seva nzuri huja na pawasaplai mbili, memori inayojisahihisha na bodi iliyotengenezwa kuwaka miaka. NAS ya bei ya kati mara nyingi ina pawasaplai moja, tena imechomekwa kwenye swichi moja ya dukani. Kwa hiyo umetumia pesa kulinda kile kilichokuwa imara, ukakipandisha chote juu ya kile kilicho dhaifu. Hifadhi ya pamoja inayozungumzwa vitabuni ina kontrola mbili, swichi mbili na njia mbili za mtandao kutoka kila seva. Kampuni ya uwakala wa forodha pale Kurasini yenye wafanyakazi thelathini haina bajeti hiyo, na ukweli ni kwamba haiihitaji.

Ninachowafungia wa aina hiyo ni hivi. Kila seva inabeba diski zake yenyewe, SSD (zisizozunguka), chini ya ZFS, mfumo wa kupanga data diskini, na juu yake Proxmox, programu inayoendesha mashine pepe. Kisha naiambia kila mashine pepe ijirudufishe kwenda seva ya pili. Proxmox yenyewe imewekewa kila dakika 15, na unaweza kuipunguza kwa mashine zenye kazi nyingi. Seva ya kwanza ikifa, unawasha nakala iliyoko kwenye ya pili. Unachopoteza ni kazi iliyofanyika tangu nakala ya mwisho. Hilo limwambie bosi mapema, kwa lugha ya biashara: "Bosi, siku mbaya kabisa tutarudia kazi ya robo saa. Tunakubaliana?" Wengi wanakubali hapo hapo, maana wameshawahi kurudia kazi ya wiki. Asiyekubali, mfano mwenye mfumo wa mauzo unaoandika miamala kila sekunde, huyo ndiye wa kuzungumza naye habari za hifadhi ya pamoja ya kweli, na gharama zake.

Kuna mtego mmoja hapa. Klasta ya Proxmox, yaani seva zilizounganishwa kama kundi, inaamua mambo kwa kura. Seva mbili ni kura mbili. Moja ikifa, iliyobaki ina kura moja kati ya mbili, hiyo si wingi, na itagoma kuwasha mashine mpaka uilazimishe kwa mkono. Weka mpiga kura wa tatu. Kompyuta yoyote ndogo inatosha, hata Raspberry Pi, ikiendesha QDevice, programu ndogo ya kupiga hiyo kura. Isiwe mashine pepe ndani ya seva zile zile, tafadhali. Nimeshaikuta imefungwa hivyo.

Kuhusu kwa nini Proxmox na si VMware, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo: Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware mwezi Novemba 2023, na kabla mwaka haujaisha leseni za kununua mara moja zikasitishwa, yakabaki malipo ya vipindi. VMware ni kitu kizuri na sina ugomvi nacho. Ila ofisi iliyozoea kulipa mara moja ikatulia haiwezi kuelewa hesabu mpya, na mimi sina maneno ya kuieleza.

Sasa, kama kweli unaihitaji hifadhi ya pamoja, mathalani una seva tatu au zaidi na unataka kuhamisha mashine huku zinafanya kazi, usiiweke kwenye mtandao mmoja na printa na simu za wageni. Ipe swichi yake, au angalau VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ile ile). Halafu piga hesabu. Kebo ya gigabiti moja inakupa megabaiti kama 110 kwa sekunde, nazo zinagawanywa kwa mashine zote. Hata hivyo hapo sipo panapouma zaidi. Diski ya kuzunguka mara 7200 kwa dakika inamudu maombi madogo madogo 80 hadi 100 hivi kwa sekunde. Jumatatu asubuhi Windows sita zinapakua maboresho, antivairasi inapekua, watu wanafungua barua pepe, na hizo 100 zinaisha kabla chai haijapoa. Watu watasema mtandao uko taratibu. Mtandao hauna kosa. Weka SSD.

Tena usijaribu kuionyesha LUN moja ya iSCSI (kipande cha hifadhi kinachotolewa kwa mtandao kikaonekana kama diski halisi) kwa seva mbili huku juu yake kuna mfumo wa mafaili wa kawaida kama ext4 au NTFS. Kila seva itadhani diski ni yake peke yake, zitaandikiana juu, na utakachokuta si mafaili tena. VMFS, mfumo wa mafaili wa VMware, imetengenezwa kwa kazi hiyo, na NFS, njia ya kushirikisha mafaili kwa mtandao, nayo inajua kuhudumia wengi. Ukiwa huna uhakika, chagua NFS.

Jambo linaloangusha ofisi nyingi kuliko diski kufa ni diski kujaa, na kwenye mashine pepe linajificha vizuri. Una terabaiti mbili. Umefungua mashine tano, kila moja umeiahidi gigabaiti 500, jumla terabaiti mbili na nusu. Mfumo unakubali kwa sababu nafasi hailiwi mpaka iandikwe. Ni upatu: unakwenda vizuri mpaka wanachama wote wadai zamu zao mwezi mmoja. Siku hiyo hupati onyo ndani ya Windows, maana Windows inaona bado ina nafasi tele. Unachopata ni simu kuhusu Z, ile diski ya mtandao wanakofungulia mafaili: "Kaka, Z haifunguki." Ukiingia Proxmox unaona mashine ina pembetatu ya njano na neno io-error. Imesimamishwa pale pale ilipokuwa, katikati ya sentensi. Kuiwasha upya hakusaidii mpaka upate nafasi, na mahali pa kwanza pa kuitafuta ni snapshoti za zamani, yaani picha za hali ya diski zilizohifadhiwa ili uweze kurudi nyuma. Mtu alichukua snapshoti kabla ya kuboresha mfumo wa uhasibu, mfumo ukakubali, akasahau. Tangu hapo kila kinachobadilika kinatunzwa mara mbili. VMware wenyewe wanashauri snapshoti isizidi saa 72, na huo ni ushauri mzuri hata usipotumia VMware. Kwenye ZFS weka onyo lije kwa barua pepe ikifika asilimia 75, na usiiruhusu kuvuka 80, kwa kuwa ikikaribia kujaa inaanza kujikokota kabla haijasimama.

Nani amejaza? Kuna siku utakuta nyaraka za mizigo. Siku nyingi utakuta video za harusi na marudio ya mechi ya Simba na Yanga kwenye folda inayoitwa "MUHIMU 2". Windows Server ina FSRM ya kuweka ukomo kwa kila folda na kuzuia aina fulani za mafaili. Iwashe siku ya kwanza, kabla watu hawajazoea, kwa sababu kumnyima mtu alichokwisha kukizoea ni kesi.

Mashine pepe ya mafaili yenyewe ipe diski pepe mbili: moja ya Windows, nyingine ya data. Huu ndio ushauri ambao ningeuandika ukutani kama ningekuwa na ukuta. Windows ikiharibika, huhangaiki kuitibu. Unafungua mashine mpya, unaichomoa diski ya data kwenye ile ya zamani, unaichomeka kwenye mpya. Ila ili hilo lifanye kazi, ruhusa za folda ziwe zimetolewa kwa makundi ya domeni. Ukizitoa kwa makundi ya ndani ya mashine ile, ukihamisha diski utakuta kwenye orodha ya ruhusa kuna mlolongo wa tarakimu unaoanza na S-1-5-21, na hakuna anayejua ulikuwa wa nani. Na orodha ya folda zilizoshirikishwa haiko kwenye diski ya data. Iko kwenye rejista ya Windows, chini ya LanmanServer, Shares. Itoe kama faili, iweke kwenye ile diski ya data. Dakika moja tu.

Ruhusa za kushirikisha na ruhusa za NTFS zikikutana, yenye kubana zaidi ndiyo inayoshinda. Mimi naacha upande wa kushirikisha wazi kwa wafanyakazi wote wa domeni, halafu nabana kwenye NTFS, ili kukiwa na tatizo nitafute sehemu moja. Wala usimpe mtu ruhusa kwa jina lake. Leo dada yuko uhasibu, kesho amehamia mauzo, na mishahara bado anaiona.

Watumiaji wasiijue seva kwa jina. Waelekeze kwenye jina la DFS, huduma ya Windows inayoweka jina moja mbele ya seva, chini ya domeni. Ukibadilisha seva unabadilisha inakoelekea, na Z inabaki Z. Lakini usichanganye hilo na DFS ya kunakili mafaili kati ya matawi. Ile haifungi faili. Mtu wa Dar na mtu wa Arusha wakilihariri kwa wakati mmoja, aliyehifadhi mwisho ndiye aliyeshinda, mwenzake ataona kazi yake imeyeyuka.

Mashine za fotokopi zina kisa chao. Ile kubwa ya kwenye korido inayoskani moja kwa moja kwenda kwenye folda mara nyingi ni ya zamani na inajua SMB1 pekee, toleo la kwanza la lugha ya Windows ya kushirikisha mafaili. Fundi anakuja, anaona haifanyi kazi, anawasha SMB1 kwenye seva ya mafaili, anaondoka kwa shangwe. SMB1 ndiyo mlango ambao WannaCry, virusi vya kudai fidia, ilipitia Mei 2017, miezi miwili baada ya Microsoft kutoa kiraka. Iache imezimwa. Kama mashine haiwezi lugha nyingine, iskani kwa barua pepe, au kwa FTP kwenda mashine pepe ndogo isiyo na kitu kingine ndani, kisha skripti ihamishe mafaili.

Programu za uhasibu nazo si mafaili ya kawaida. QuickBooks ya kompyuta inataka Database Server Manager yake iwe inaendeshwa pale pale faili la kampuni lilipo, hivyo kulitupa kwenye folda ya NAS na kuwaruhusu watu wanne walifungue ni kutafuta matatizo. Na mhasibu asifanye kazi kwenye faili la namna hiyo kwa Wi-Fi. Mpe kebo.

Umeme ukikatika, UPS inakupa dakika chache tu, na kazi ya dakika hizo ni kuzima kwa adabu. Chomeka ile waya ya USB ambayo watu huiacha ndani ya boksi, weka NUT, programu inayoisikiliza UPS na kuzima mashine, na upange nani azime kwanza: mashine pepe, kisha seva, NAS ya mwisho. Wakati wa kuwaka ni kinyume. Hapo pia angalia jambo hili: kama seva zinaitafuta NAS kwa jina, na jina hilo linatafsiriwa na seva ya domeni ambayo diski yake iko kwenye hiyo hiyo NAS, asubuhi hakuna kitakachowaka. Tumia anwani ya IP.

Wapo wanaoniuliza kwa nini tusipeleke yote kwenye wingu tukapumzika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki yote. Ofisi zenye mafaili ndani ziliendelea kuyafungua. Wingu naliweka kama nyumba ya nakala ya tatu.

Maana nakala ni lazima ziwe tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. RAID, yaani diski kadhaa zinazofidiana ndani ya mashine moja, haihesabiwi. Urudufishaji wa dakika 15 nao hauhesabiwi: mtu akifuta folda, au virusi vya kudai fidia vikiyafunga mafaili, baada ya robo saa seva ya pili nayo itakuwa na uharibifu ule ule, kwa uaminifu kabisa. Seva ya bakapu iwe ni mashine halisi ya peke yake, isiunganishwe na domeni, na nywila yake isifanane na yoyote. Anayeiteka akaunti ya msimamizi wa domeni kitu cha kwanza anachotafuta ni bakapu. Kila mwezi chagua faili moja bila mpangilio, lirudishe, lifungue mbele ya mwenye nalo. Kila robo mwaka rudisha mashine nzima kwenye mtandao uliotengwa, uone kama inawaka.

Na ukisimba bakapu kabla ya kuipeleka nje, kama Proxmox Backup Server inavyoruhusu, ufunguo wake usikae ndani ya seva inayobakapiwa pekee. Amri ya paperkey inautoa kama ukurasa wa kuchapisha wenye msimbo wa QR. Chapisha nakala mbili. Moja kwenye sefu ya ofisi, nyingine kwa mkurugenzi nyumbani kwake.