Kabla Mtaa Haujamkatia Mwanao Jina

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia ujumbe mrefu. Ni Mchaga, ameolewa na Mhaya, na ana mtoto wa kiume wa miezi miwili aliyerithi jina la babu yake: Rwegasira. "Dada," anasema, "jina zuri ila zito. Kazini kila mtu ananiuliza mara mbili mbili. Nimeamua tumwite Ricky, baba yake kanuna. Nakosea?"

Hukosei kutafuta jina fupi, mdogo wangu. Ila Ricky? Ngoja nikueleze yangu kwanza, ndipo utaelewa kwa nini nimeusoma ujumbe wako nikiwa nimesimama.

Naitwa Kokushubira. Kwetu Kagera hilo ni jina la matumaini, na mama alinipa baada ya kuwa amekata tamaa ya kupata mtoto. Nyumbani hakuna aliyelifupisha. Baba alikuwa na msimamo wake kwamba jina la mtu halikatwi kama kuni. Basi nikaenda kuanza darasa la kwanza Morogoro na jina langu zima, sina hata kipande cha kuwapa wenzangu. Kabla ya uji wa saa nne mtoto mmoja alikuwa ameshalikata yeye mwenyewe. Akaniita Shubiri.

Sihitaji kumweleza Mswahili maana yake. Walikuwa wanaimba "chungu, chungu" kila nikipita kwenye foleni ya bomba. Mwalimu akacheka, kisha naye akaanza: "Haya, Shubiri, soma hapo." Nikawa Shubiri mpaka namaliza la saba. Mwaka jana kwenye sendoff ya binti wa jirani, mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka meza ya pili, "Shubiri! Ni wewe?" mbele ya watu wa ofisini kwangu. Nikageuka. Kinachoniuma ni hicho, kwamba jina silipendi lakini likiitwa bado nageuka. Kazini sasa wanalijua, na wapo wawili wanaodhani ni utani mzuri.

Kwa hiyo mimi siamini habari ya kumwacha mtoto na jina refu ukitegemea dunia italiheshimu. Jina refu litafupishwa, upende usipende. Kama hukulifupisha wewe unayempenda, atalifupisha mtoto wa darasa la kwanza mwenye uji mdomoni.

Na sisi Waswahili kufupisha tunajua, hatujafundishwa na mtu. Abdallah ni Dula. Rashidi ni Chidi, Mohamedi ni Mudi, Khadija ni Dija, Ramadhani ni Rama, Suleimani ni Sele. Yasikilize: silabi mbili, mkazo uko ile ya kwanza, unaweza kuliita ukiwa jikoni na mtoto yuko kwa jirani akasikia. Halafu lina njia ya kurudi. Mtu akiuliza, "Dija kirefu chake nini?" jibu lipo, na ni jina alilopewa. Sasa Ricky kirefu chake nini? Mwanao atasema Richard, au atasema "mama alipenda tu". Rwegasira hatamfikia mtu kwa njia hiyo, atabaki kwenye cheti.

Nilipokuwa na mimba ya mwanangu nilishaliwaza hili mapema mno, mume wangu akaniona mgonjwa. Yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na mtoto wa kwanza wa kiume ilikuwa lazima awe Ambokile, jina la baba yake. Sikubishana. Ambokile ni jina la shukrani, mtu anasema Mungu kaniokoa, na mimi na shubiri yangu nani nikatae jina kama hilo? Nilichotaka ni kipande tu.

Tukakaa jioni moja tukalijaribu. Mume wangu akaanza na Ambo. Nikamwambia watoto wa shule watamwimbia "ambaye, ambao, ambalo" mpaka achanganyikiwe. Akasema Kile. Kile kipi? Utamtuma dukani watu wacheke. Tukaliacha. Asubuhi yake nikiwa nafua nikajikuta naita Boki, Boki, Boki, na ndoo iko mkononi, na halikunichosha. Hakuna neno la matusi karibu yake, hakuna mnyama wala mboga inayoitwa hivyo mtaani kwetu. Kirefu chake? Ambokile. Limerudi nyumbani. (Mimi Mhaya, nikitamka jina zima wakati mwingine linatoka Ambokire, mume wangu hucheka mpaka leo. Boki halinitegi.)

Lakini faida kubwa ya Boki niliiona Tukuyu. Tulimpeleka mtoto kwa babu yake alipokuwa ameshaanza kutembea. Nikagundua mke wa shemeji yangu mkubwa hamwiti kwa jina hata mara moja. Anasema, "Tata kalala?" "Mletee Tata maziwa." Tata ni baba. Nikamuuliza faragha tukiwa tunamenya ndizi, akanijibu kwa sauti ya chini kabisa kwamba yeye jina la baba mkwe halitamki. Wanyakyusa wana desturi hiyo ya zamani: mke hamtaji baba mkwe wake, na wanawake wa zamani walikwepa hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina lake, wakatafuta mengine ya kusemea. Leo wengi hawashiki yote hayo. Yeye anashika.

Mchana ule mwanangu akachukua kijiko akaanza kupiga nacho redio ya babu. Mzee yupo kwenye kiti chake, gazeti mkononi, wanaukoo wamejaa sebuleni. Fikiria mimi, mkwe, nipayuke, "Ambokile, acha ujinga!" Nani anaambiwa mjinga? Nikasema, "Boki! Weka chini." Mzee akashusha gazeti akauliza Boki ndiyo nani. Nikamweleza kwa adabu zote, nimepiga goti, kwamba ni jina lake lile lile tumelifupisha ili tupate la kugombezea. Akafikiri kidogo, akacheka. "Basi mgombezeni huyo Boki wenu. Ambokile msimguse." Tangu hapo akipiga simu anauliza Boki ana hali gani, na nyaraka zote zinazomhusu mtoto anazitaja kwa Ambokile. Nilijisikia mshindi siku ile, sitaficha.

Kwa hiyo mumeo akinuna, mdogo wangu, jiulize ananunia nini. Huenda hanunii ufupi. Ananuna kwa sababu Ricky hana hata silabi moja ya kumkumbusha baba yake.

Kuna mtego mwingine, na huu unawapata hata wenyeji. Majina mengi ya asili yana kichwa kimoja. Kwetu wasichana tunaanza na Koku: Kokushubira, Kokugonza, Kokuhirwa. Ukikata mbele unapata Koku, jina tamu sana, lakini nyumba yenye dada watatu ukiita "Koku!" wanakuja wote au haji hata mmoja. Wakalenjin wa Kenya wana Kip kwa wanaume: Kiprono, Kipkemboi, Kipchoge. Dunia ilimjua Kipchoge Keino kwa jina la Kip Keino aliposhinda dhahabu ya Olimpiki kwenye mbio za mita 1500 Mexico mwaka 1968, na lilimfaa kwa sababu huko Mexico hakukuwa na Kip wengine wengi wa kuchanganya naye. Kijijini kwao ukiita Kip nusu ya wanaume watageuka. Kwa hiyo tazama katikati ya jina na mwisho wake pia, kama tulivyofanya kwa Boki, kama babu zetu wa pwani walivyopata Dija ndani ya Khadija.

Na usisahau kwamba unajichagulia na wewe. Sisi mtoto akizaliwa mama anapoteza jina. Mimi ni Mama Boki kwa muuza mkaa, kwa mwalimu, kwenye kikundi cha kuweka akiba, na mume wangu ni Baba Boki hata kwa fundi wa pikipiki. Jaribu kujiita mbele ya kioo. Mama Ricky. Kama unaliona ni lako, sina la kusema. Ila jaribu na hili nitakalokupa hapo chini.

Kwenye karatasi usicheze. Kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90, na wewe umeshafika miezi miwili, kwa hiyo nenda sasa. Andika jina zima, na herufi zake mhakikishe na upande wa ukweni kabla ya kuondoka nyumbani. Jina fupi lisiingie kwenye cheti, wala kwenye kadi ya kliniki, wala kwenye fomu ya chekechea. Shule moja ya awali iliwahi kumwandika mwanangu "Boki" kwenye ripoti ya muhula, kwa kalamu, kwa sababu ndivyo wenzake walivyomwita. Nikairudisha siku ile ile. Mwalimu mkuu akaniona mkorofi, na labda nilikuwa mkorofi. Ila jina likishaingia kwenye daftari la mahudhurio litakwenda naye mpaka kwenye usajili wa mitihani, na hapo ndipo wazazi wanaanza kukimbizana na hati za kiapo.

Sasa kuhusu hao wa kazini kwako wanaosema Rwegasira ni zito. Watu hao hao Jumamosi wakitazama mpira wanatamka Lewandowski bila kigugumizi. Rwegasira lina silabi nne. Kambarage, jina la Mwalimu Nyerere, nalo lina silabi nne. Mtoto yule alizaliwa Butiama mwaka 1922, mvua inanyesha, wakampa jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Julius lilikuja na ubatizo mwaka 1943, na Kambarage halikung'oka. Leo hakuna mtoto wa shule Tanzania anayeshindwa kulitamka, kwa sababu wamelisikia mara nyingi. Ulimi hauzoei jina ambalo mwenyewe unalifichaficha. Wakikuuliza mara ya pili, lirudie polepole, tena bila kuomba radhi. Sisi wanawake tuna tabia ya kuomba radhi kwa majina ya watoto wetu kana kwamba tumemwaga chai ya mtu. Acheni. Mtoto anasikia toka yuko mgongoni.

Mwanangu sasa anajitambulisha mwenyewe. "Naitwa Ambokile, nyumbani Boki." Anasema hivyo kwa wageni, kifua mbele. Mimi umri wake nilikuwa nasema jina langu nikitazama ndala zangu.

Haya, Rwegasira. Nimelipitia kama langu. Gasira usithubutu, watamwita Hasira kabla hajaota meno ya mbele. Sira linabaki mashapo ya chini ya chungu, achana nalo. Rwega linafaa: silabi mbili, linaitika kwa mbali, na kirefu chake kinajulikana kabla hujaulizwa. Kaka mmoja wa ukoo wetu aliitwa hivyo maisha yake yote na hakuna aliyemtania. Kama "rw" inakusumbua ulimi, mwambie mumeo akufundishe usiku mtoto akishalala, atafurahi kuliko unavyodhani. Muulize pia kama kwao kuna Rwega mwingine aliye hai, maana wakiwa wawili kwenye boma moja itabidi wa kwako awe Rwega mdogo, na hilo waamue wao huko ukweni. Wewe nenda kasajili.