Muulize Muuguzi: "Daktari kasema ni chanya"

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu anajua lugha ya kwetu tu, na daktari wake haijui hata kidogo. Mimi naishi mbali, hivyo kliniki anasindikizwa na mdogo wangu wa miaka 13, ndiye mkalimani. Majibu ya kinyama alichokatwa titi yalipotoka, daktari alisema ni chanya. Mdogo wangu akamwambia mama majibu ni mazuri! Wiki ijayo anaanza dawa za dripu, anadhani ni za kuongeza nguvu. Nifanyeje? – Kifungua Mimba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtoto usimgombeze. Darasani chanya ni jambo jema. Hospitali ndiyo tumeligeuza: chanya maana yake ugonjwa umeonekana. Na hata angeelewa, ungetaka yeye ndiye amwambie mama yake ana saratani? Watu wazima wenyewe hushindwa. Nilishamwona kijana akimsikiliza daktari dakika tano nzima, kisha akamgeukia baba yake: "Anasema utapona." Basi.

Piga simu kliniki leo, useme mgonjwa anahitaji mkalimani kabla ya dripu ya kwanza. Wakikosa, uliza muuguzi anayeijua lugha hiyo. Akikosekana naye, tafsiri wewe kwa simu, spika ikiwa wazi. Asiweke dole gumba kwenye fomu ya ridhaa kabla ya hapo.

Neno saratani pengine halipo katika lugha yenu. Msiseme jipu, maana jipu hutumbuliwa likaisha. Semeni uvimbe unaokua bila kukoma, unaoweza kuhamia viungo vingine.

Kisha mama aeleze alichosikia kwa maneno yake. "Umeelewa?" ni swali bure, kila mgonjwa hujibu ndiyo. Mgonjwa wangu mmoja alijibu hivyo hivyo. Alikuwa na vidonge vya kapesitabini, dawa ya saratani, ameze siku 14, apumzike 7. Hilo la kupumzika halikutafsiriwa. Boksi lilikuwa bado na vidonge, akaendelea kumeza. Alirudi mdomo una vidonda, nyayo zimebabuka, hawezi kuvaa viatu.

Kwa mama yako la kukazia ni homa. Dawa hizo za dripu za saratani hushusha chembe nyeupe za damu, kinga inalala. Joto likifika 38, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Asimeze ya kutuliza homa akasubiri kuche. Namba ya wodi iandikwe, na aweze kusema kwa lugha ya daktari maneno mawili: "saratani, homa." Hayo mdogo wako anaweza kumfundisha.