Mifano ya Python inayogoma: isahihishwe namna gani?

Swali: Ninafundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Bukavu kwa mwongozo tuliotafsiri toka Kifaransa. Wanafunzi wakinakili mifano, mingine inakataa, mingine inatoa majibu ya ajabu. Nikisahihisha mmoja, mwingine unaharibika. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, anzia kwenye ile isiyokataa. Mfano unaogoma unajitangaza wenyewe. Unaotoa jibu la uongo kimyakimya ndio unaompoteza mwanafunzi. Na kwa mwongozo uliotoka Kifaransa, mshukiwa wa kwanza ni mkato wa desimali:

```
bei = 2,5
print(bei * 4)
```

Mwandishi alitaka kumi. Python inatoa `(2, 5, 2, 5, 2, 5, 2, 5)` bila lalamiko lolote. Kwake mkato hutenganisha vitu: umempa jozi, 2 na 5, kisha ukamwambia airudie mara nne. Andika `2.5`, na kwenye mwongozo andika jibu kama linavyotoka, `10.0`, si `10`.

Pale mwanafunzi anapoingiza bei mwenyewe, `float`, inayogeuza maandishi kuwa namba ya desimali, ikikuta `2,5` inakatika kwa kosa la `ValueError`. Weka `float(input("Bei: ").replace(",", "."))`. Huku kwetu watu wanaandika mkato, na hatutawabadilisha kwa ajili ya kompyuta.

Mshukiwa wa pili ni Word, programu ya kuandikia nyaraka. Ikiwa katika Kifaransa, inageuza alama `"` kuwa `«` na `»`, na ndani yake inaweka nafasi isiyokatika (herufi yenye namba U+00A0), ambayo jicho halioni tofauti yake. Alama zenyewe zinaleta `invalid character '«' (U+00AB)`, kwa hiyo utazibadilisha haraka. Shida ni nafasi ile: inabaki ndani ya maneno, programu inaendeka, lakini `jina == "Furaha"` inajibu `False` na darasa zima linakodoa macho. Andika `print(ascii(jina))`, ukiona `'\xa0Furaha\xa0'`, umemkamata. Toka hapo, msimbo uandikwe kwenye kihariri cha maandishi matupu, kamwe si Word.

Mifano ya Python 2, toleo la zamani ambalo huduma yake iliisha tarehe 1 Januari 2020, utaitambua kwa `print` isiyo na mabano. Ukishaweka mabano usiondoke kwanza: angalia kama kuna kugawanya. `7 / 2` ilikuwa 3, sasa ni 3.5, ukitaka 3, andika `7 // 2`.

Kuhusu kuharibika tena: usihakiki kwa macho. Weka kila mfano pamoja na jibu lake kwenye faili, tuseme `somo.txt`:

```
>>> bei = 2.5
>>> bei * 4
10.0

```

Kisha endesha `python -m doctest somo.txt`; `doctest` ni chombo cha Python kinachoendesha mifano na kulinganisha majibu. Ikinyamaza, yote ni sawa. Ikikuta tofauti, inaonyesha jibu lililotarajiwa, `Expected`, na lililopatikana, `Got`. Ukiongeza `-v` itakutajia kila mfano. Iendeshe kila unapogusa mwongozo, hata kama umebadilisha neno moja tu.

Acha nafasi moja baada ya `>>>`, na mstari mtupu baada ya jibu. Ukiusahau mstari huo, maelezo yako ya Kiswahili yanayofuata yatahesabiwa kuwa sehemu ya jibu, na mfano mzima utaonekana una kosa wakati msimbo hauna shida.