Jibu: Ao no Orchestra kwa asiyejua muziki wa okestra

Mkuu, umeuliza kama unahitaji kujua muziki wa okestra kwanza kabla ya kuangalia Ao no Orchestra, hadithi ya Kijapani kuhusu okestra ya shule, maana sehemu za kupiga zinakuacha gizani. Huhitaji. Anza na anime (katuni ya video) ya 2023, vipindi 24, kwa sababu manga (katuni ya kitabu) ya Makoto Akui ni nzuri lakini karatasi haitoi sauti.

Kabla ya kufika kwenye tamasha kubwa la hadithi hiyo, sikiliza Simfoni namba 9 ya mtunzi Dvořák, inayopigwa hapo, dakika 40 hivi. Ina miendo minne, yaani sehemu nne. Kama muda hautoshi, chukua wa pili: ala za shaba zinafungua polepole, halafu kor anglee, ala ya kupuliza, ndugu wa obo mwenye sauti nzito zaidi, inabeba wimbo peke yake. Mpigaji akikatika pumzi hapo hana pa kujificha. Tuba, ala ya shaba yenye sauti nzito kuliko zote, hupiga kwenye mwendo huo tu, noti chache mno! Wa nne una pigo moja tu la matoazi, dakika mbili hivi tangu uanze, tena si la kishindo, ukipepesa limekupita. Mwishoni usiwahi kupiga makofi: ala za nyuzi hukata, za kupuliza hubaki na sauti moja inayofifia hadi kimya.

Kuhusu viti: wapiga vayolini wawili hushiriki stendi moja ya kuwekea karatasi za muziki. Wa ndani, aliye mbali na watazamaji, ndiye hufungua kurasa, kwa hiyo huacha kupiga kidogo huku mwenzake akiendelea. Akichelewa, wote wawili wanapotea. Ndiyo maana nani anakaa na nani ni ugomvi wa kweli kwenye okestra.