Ukitaka kuimba hamu, shusha sauti

Kwa anayejifunza nyimbo za mapenzi za waimbaji wa Marekani wa karne ya ishirini, kina Bing Crosby, Nat King Cole na Frank Sinatra, ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiuimbie ukumbi. Mwimbie mtu mmoja, tena aliye karibu kiasi cha kunong'onezwa.

Uimbaji ule ulizaliwa na maikrofoni. Zamani, ili santuri inase sauti, mwimbaji alilazimika kuipaza mbele ya pembe kubwa. Kurekodi kwa umeme kulipoanza Marekani mwaka 1925, hata sauti ya chini ikasikika vizuri, pumzi na yote. Ndipo mtu akaweza kuimba "nakukosa" vile inavyosemwa kweli. Hakuna anayesema neno hilo kwa kelele.

Kazi kubwa iko kwenye pumzi, na hapa sitaki upite haraka. Tangu 1940 hadi 1942 Sinatra aliimba na bendi ya Tommy Dorsey, akawa anamtazama kiongozi wake apigapo tromboni, ala ya kupuliza: sauti ndefu, isiyokatika. Akaamua kuimba hivyohivyo, sentensi nzima kwa pumzi moja. Mimi kila ninapojifunza wimbo, kwanza nayasema maneno bila muziki, kama namwambia ninayempenda. Pale ambapo ulimi haukusimama, sivuti pumzi ninapoimba. Jaribu, utaona jinsi msikilizaji anavyokungoja. Sentensi haijaisha, naye hawezi kuondoka. Hamu yenyewe ni huko kungoja.

Halafu jifunze kuchelewa. Acha bendi itangulie, neno lako lifuate nyuma kidogo ya mapigo, kana kwamba lilisita kutoka, ila hakikisha mmefika pamoja mwisho wa mstari. Nat King Cole, aliyejulikana kwanza kama mpiga piano, alilijua hilo vizuri mno, na bado kila neno lake linasikika safi. Kwangu yeye ndiye mwalimu bora kuliko wote, kwa sababu haombi kuhurumiwa.

Nyimbo nyingi za zama zile zina sehemu nne: wazo linaimbwa, linarudiwa, sehemu ya tatu inageuka, kisha wazo linarudi. Kama lazima sauti ipande, ipande hapo kwenye ya tatu tu. Ukipanda mapema, sehemu ya mwisho itakukuta huna la kuongeza. Machozi ya kuigiza yaache kabisa. Yanamnyima msikilizaji nafasi ya kulia mwenyewe.

Pa kuanzia, tafuta albamu ya Sinatra ya 1955, In the Wee Small Hours, ambayo muziki wake ulipangwa na Nelson Riddle. Chagua wimbo mmoja. Usikilize mara ya kwanza kwa raha yako, kisha urudie ukifuatilia pumzi peke yake: anaivuta wapi, na ni wapi wewe ungevuta lakini yeye akaendelea.